Chumvi ya Bega la Kulia

Tangu aolewe, Fausta hakuwahi kununua chumvi. Kila asubuhi, kabla mumewe Alfredi hajavaa shati, alimkalisha kwenye kigoda nje ya jiko, akamkwangua bega la kulia kwa kisu kisicho na makali, chumvi ikaangukia kwenye kopo. Ilikuwa chumvi safi, haina mchanga kama ile ya ziwani, na makande yake yalisifiwa jumuiya nzima. Bega la kushoto halikutoa kitu.

Majirani walizoea. Wapo waliojaliwa sauti ya kuimba, wapo waliojaliwa kuzaa mapacha, Alfredi alijaliwa bega. Gidahosh, mfugaji wa Getanuwas, kila alipopeleka ng'ombe mnadani Dongobesh alipitia pale. Ng'ombe walijipanga wenyewe, wakalilamba bega kwa zamu, pasipo hata mmoja kumsukuma mwenzake. Gidahosh aliacha kibuyu cha maziwa, akashukuru, akaenda zake. Chumvi ilitoka wapi, hakuna aliyeuliza. Cha bure hakina maswali mengi.

Alfredi alijua. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alipewa ng'ombe wa kufuga na Baltazar, mtu wa Dirma, wagawane ndama, kama watu wa huku walivyofanya tangu zamani. Ng'ombe akapanda mlimani, mtoto akateremka Dirma kumchungia Baltazar mifugo iliyobaki. Huko Baltazar alimlawiti, wala si mara moja. Na kila kulipokucha mtoto alipaswa kumwamkia, "Shikamoo," naye Baltazar akamwekea mkono kwenye bega la kulia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Chumvi ilianza mwaka huohuo. Aliporudi nyumbani, baba yake aliionja kwa ncha ya kidole, akasema mtoto amejifunza kutoa jasho.

Sasa Baltazar alikuwa mzee wa mvi, amehamia Dongobesh, anashinda kwenye benchi la duka la Yonas. Alfredi alimwamkia kila alipopita, maana adabu ni adabu, na kila shikamoo iliongeza chumvi. Hilo aliweza kulibeba. Lakini alizaliwa Lucia. Mtoto akilazwa kwenye bega la kulia, shavu lilichubuka, akalia mpaka sauti ikamkauka. Siku moja Fausta alimkuta mumewe amesimama katikati ya matuta ya vitunguu saumu, analia, kwa sababu mtoto alikuwa amemnyooshea mikono akitaka upande ule.

"Baba Lucia, nenda zahanati," Fausta alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nikaseme nini?"

"Kaseme panapouma."

Kornelia, muuguzi wa zahanati, aliligusa bega, akaonja, akatema. Kisha akafunga mlango.

"Nani alikushika hapa?"

Alfredi alisema. Alisema kwa sauti ndogo, na bado alimwita "Mzee Baltazar", kwa kuwa mdomo wake haukujua namna nyingine. Alipokuwa akisema, ng'ombe walikuja. Walitoka Dirma, wakatoka Getanuwas, wakajaza bonde, wakasimama kuizunguka zahanati, na hakuna aliyelia. Hata kengele zao zilinyamaza. Wagonjwa waliwapisha. Ndani, chumvi ilianza kuteremka begani, ikapita mkononi, ikajaa sakafuni hadi ikamfika Kornelia magotini, naye hakusogeza kiti. Jua lilipoingia dirishani chumba chote kikawa cheupe.

"Nakuamini," Kornelia alisema. "Ulikuwa mtoto. Kosa si lako. Njoo tena Alhamisi tuzungumze. Na ukitaka kwenda polisi, nitakusindikiza."

Alfredi alitoka, ng'ombe wakamfungulia njia. Alipofika dukani kwa Yonas, Baltazar alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, anangoja salamu yake. Alfredi alimpita bila kusema neno.

Hapo ndipo watu waliposhangaa. Yonas aliacha sukari kwenye mizani. Chumvi kujaa zahanati ni mambo ya Mungu, lakini mtu mwenye akili zake kumpita mzee bila shikamoo! Kikao cha wazee kiliitishwa alasiri hiyohiyo.

"Alinilawiti nikiwa mtoto," Alfredi aliwaambia. Safari hii hakusema mzee.

"Mwanamume hafanyiwi hivyo," mmoja alisema.

"Mavi ya kale hayanuki," alisema mwingine, ambaye bila shaka hakuwahi kufagia zizi wakati wa mvua.

Wakaamua. Alfredi atoe kondoo kwa kukosa adabu. Chumvi ya zahanati ilambwe na mifugo yote kwa kufuata umri wa wenye mali, ya Baltazar ianze. Baltazar alisimama na fimbo yake, akatangaza kwamba yeye amekwisha kusamehe, na wazee wakampigia makofi. Kituoni kwa polisi, Alfredi alikosindikizwa na Kornelia, waliahidi kupiga simu. Simu haijaja.

Kondoo hakutoa. Jioni alimlaza Lucia kwenye bega la kulia, lililobakiwa na chumvi kiasi cha kuungia yai tu, na Lucia akalilamba, akasinzia. Alfredi hakuthubutu kukaa chini. Alisimama naye uani mpaka miguu ikafa ganzi, akiogopa kwa furaha.

Kesho yake Fausta alikwenda dukani kununua chumvi. Baltazar alikuwa kwenye benchi lake, na kila aliyeingia alimwamkia, naye aliitikia. Fausta alimtazama usoni, hakumwamkia, akachukua pakiti yake. Alipokuwa akitoka, mtoto wa jirani alifika na chupa ya mafuta ya taa, akasimama mbele ya benchi kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu," Baltazar alisema, akanyoosha mkono. Lakini kwenye bega la kulia la mtoto mkono wa Fausta ulikuwa umetangulia.