Fundo la Bwana Koki

Pampu ilipokohoa mara ya tatu, Bwana Koki aliweka kikombe cha chai chini, akachukua reki yake ndefu na kutoka nje huku akinung'unika. Miaka kumi na tisa kwenye mtambo ule wa maji ilikuwa imemfundisha lugha ya pampu kama mama anavyoijua lugha ya kichanga chake. Ikiunguruma, imeshiba. Ikipiga mluzi, kuna mpira uliochoka. Lakini kikohozi kile, kikavu na cha kukatakata, kilikuwa na maana moja tu: kuna watu wameukaba mto koo.

"Wateja wako wamewahi leo," alisema fundi umeme, mtu mnene aliyebakiza miaka miwili kustaafu na ambaye hakuinuka kitini ila kwa jambo la lazima.

"Si wateja. Ni wachafu."

"Ukipata jina nishtue kabla sijaenda nyumbani. Kwangu wanangoja umbea kuliko wanavyongoja maji."

Bwana Koki hakucheka. Juu ya mlango wa mtambo kulikuwa na maneno aliyoyaandika kwa mkono wake, kwa rangi ya buluu, herufi kubwa kama vichwa vya mbuzi: TAKA NI ZA ALIYEZIZALISHA, SI ZA ALIYEZIBEBA. Maneno hayo aliyatamka mwaka uliopita mbele ya kamati ya maji, akijipiga kifua mpaka miwani ikamdondoka, na kamati ikayageuza kuwa sheria. Kila mfuko wa taka utakaonaswa kwenye wavu wa mtambo utafunguliwa. Ndani yake kikipatikana cha kumtaja mwenyewe, nyumba yake inafungiwa koki mwezi mzima, hata awe nani. Mwenye spana ya kufungia alikuwa yeye. Jina la Bwana Koki lilianza kama kejeli ya watu wa mtaani, naye akalivaa kama suti.

Mpaka siku ile alikuwa ameshafunga nyumba nne. Ya nne ilikuwa ya Mama Povu, mfua nguo, wiki mbili nyuma, mvua za kwanza zilipoanza. Mfuko wake ulikutwa na vipaketi vya sabuni ya unga visivyo na idadi, na vibandiko vya kitambaa vya kuwekea alama mashuka ya nyumba ya wageni. Ushahidi gani tena? Mama wa watu alisimama mlangoni, povu mpaka kwenye viwiko, akasema, "Kaka, mimi nilimpa mtu wa mkokoteni. Nilimlipa. Sikutupa mtoni." Bwana Koki akamnyooshea spana kuelekea mtamboni, kule kwenye maandishi. "Soma," akamwambia. Kisha akainama, akafunga.

Sasa alifika ukingoni. Mdomo wa bomba kuu ulikuwa ndani ya maji, umezibwa kwa wavu wa chuma, na mbele ya wavu palikuwa pamejazana kila aina ya aibu: chupa za plastiki, kiatu cha mguu mmoja, mwanasesere asiye na kichwa, na mifuko, mingi ikiwa imepasuka na kubaki matambara. Alianza kuvuta. Alivuta kwa hasira, kama mtu anayeng'oa ndevu za adui.

Reki ilipogota kwenye mfuko mmoja mweusi, mkono wake ulisimama wenyewe.

Mfuko ule haukuwa umepasuka. Ulikuwa mzima, umevimba hewa, unaelea kwa heshima zake kama abiria wa daraja la kwanza. Na mdomo wake ulikuwa umesokotwa mara tatu, ukakunjwa kichwa chini, ukabanwa kwa uzi ulioachwa masikio mawili, moja refu na moja fupi.

Fundo hilo halikufungwa na mtu mwingine yeyote ila yeye na watu wa nyumbani kwake, katika mitaa yote iliyokunywa maji ya mtambo ule. Ndilo alilofungia mifuko ya dawa ya maji pale kazini, unyevu usipite. Miaka mingi nyuma alilipeleka nyumbani kwake, akamfundisha mkewe, akamfundisha binti yake, na ole wake aliyefunga vinginevyo. "Nyumba yangu haifungi taka kama watu wanaokimbizwa," alizoea kusema. Majirani walimcheka. Yeye aliwaona wavivu.

"Leo za nani?" fundi umeme alipaza sauti kutoka kitini.

Bwana Koki aliukinga mfuko kwa mgongo. "Hazina alama," akajibu, na sauti ikamtoka nyembamba, si yake.

Aliuburuta mfuko mpaka nyuma ya mapipa ya dawa, akachuchumaa, akalifungua fundo kwa vidole vilivyolijua kuliko vilivyojua vifungo vya shati lake. Harufu ilimpiga usoni. Pampasi za mjukuu wake, arobaini au hamsini, zimekunywa maji na kufura kama mikate. Boksi la simu yake mpya, ambayo aliinunua kwa sababu kioo cha ile ya zamani kilikuwa na mkwaruzo. Betri za redio. Vifuko vya dawa ya presha, na juu yake, kwa kalamu ya mfamasia, jina lake kamili, baba na babu, bila herufi hata moja kufutika.

Alikumbuka siku binti yake alipokuja kujifungulia kwao. Mkewe alikuwa amekata mashuka mawili ya zamani, akayapinda kingo, akayapanga kwenye beseni: nepi ishirini za mjukuu. Bwana Koki aliyatazama kama aliyeonyeshwa panya. "Mjukuu wangu hafungwi matambara," alisema, na jioni ileile akarudi na pampasi, boksi kubwa, amelibeba begani njia nzima badala ya kwapani ili watu walione.

Aliufunga mfuko tena, akauficha kwenye pipa tupu, akatoka kumtafuta Breki.

Breki alikuwa mtu wa mkokoteni, mtu mzima mwenye wajukuu, na aliitwa hivyo kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nazo. Bwana Koki alimkuta kwenye kona ya duka la vyuma, ameketi juu ya tairi, anapaka grisi.

"Breki, taka za kwangu huwa unazipeleka wapi?"

Breki aliinua uso taratibu. "Miaka mitatu nakubebea, bwana. Leo ndiyo umekumbuka kuuliza?"

"Nimeuliza."

"Korongoni. Jalala si lilifungwa, barabara mpya ikapita juu yake? Za kwako korongoni, za mwenyekiti wa kamati korongoni, za yule mama wa sabuni korongoni. Kiangazi zinalala palepale. Mvua ikija inazichukua hadi mtoni."

"Na hukusema!"

"Nimwambie nani? Wewe? Mfuko ulikuwa unanipa kwa vidole viwili, uso umeugeuzia kule." Breki aliifuta grisi kwenye suruali. "Hakuna anayenilipa nibebe taka, bwana. Mnanilipa ili msizione."

Damu ilimpanda Bwana Koki mpaka masikioni. "Nakupeleka kwenye kamati. Leo hii hii."

Breki alicheka, kicheko cha kikohozi, karibu sawa na cha pampu. "Nipeleke. Ila njiani tupitie mtamboni, maana mimi kusoma najua. Ukutani umeandika kwamba si za aliyezibeba. Sasa mimi ndiye niliyezibeba. Zilizobaki ni zako."

Watu wa duka la vyuma waliangua kicheko bila kujua wanachekea nini. Bwana Koki aligeuka akaondoka, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alitembea ameinamisha kichwa, anahesabu vifuniko vya chupa vilivyodidimia kwenye udongo wa njia.

Hata hivyo dhamiri haikuwa imemfia. Saa kumi alasiri alibisha kwa Mama Povu, spana mkononi. Kamba za nguo zilikuwa tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Mabeseni yalikuwa yamefunikwa chini juu. Mama Povu alikuwa ndiyo kwanza anatua ndoo kichwani, ya maji ya mtoni, na shingo yake ilikuwa inatetemeka.

"Umekuja kufunga nini tena, kaka?" alisema. "Koki ulishafunga. Labda imebaki pumzi."

"Nimekuja kufungua."

"Mwezi haujaisha."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kukiri. Maneno alikuwa ameyapanga njiani, machache, mepesi: Na za kwangu zimekutwa. Nilikuonea. Yalimfikia kwenye meno. Akamtazama yule mama, akaona kesho yake yote: fundi umeme akisimulia, watoto wakiimba, mwenyekiti akimnyang'anya spana, yeye mwenyewe akiifunga koki yake huku mtaa mzima umepanga mstari kutazama.

"Kamati imekuonea huruma," alisema.

Mama Povu alikaa juu ya beseni moja lililofunikwa. Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Na mimi nimekusema vibaya kila ninapopita," alisema. "Kumbe una moyo. Lakini ulikuwa na haki, kaka, nikiri. Nilikuwa nampa Breki mfuko, namgeuzia mgongo, nikidhani nimemaliza. Uliponifungia, nilimfuata siku moja mpaka kule korongoni. Nikaona vipaketi vyangu vimejaa kama majani. Sasa sabuni nanunua ya ndoo, na ndoo nairudisha dukani wanijazie." Alicheka kidogo, kwa uchungu. "Sema nyumba ya wageni wameshapeleka mashuka kwingine. Hawakuweza kungoja. Hao hawatarudi."

Bwana Koki aliinama haraka ili asionekane uso. Alizungusha spana. Bomba lilikoroma, likatema maji mekundu ya kutu, kisha meupe, kisha safi. Mama Povu alikinga viganja, akanawa uso, akampa mkono ukiwa bado umelowa.

"Mungu akuweke," alisema. "Wangekuwapo watatu kama wewe, mto huu ungepona."

Aliupokea mkono ule kama mtu anayepokea kaa la moto mbele ya wageni.

Nyumbani alimkuta mkewe jikoni anaosha vyombo, na binti yake sebuleni anambadilisha mtoto. Mfuko mweusi mpya ulikuwa mlangoni unamngoja Breki, masikio yake mawili yamesimama. Bwana Koki aliketi kitako sakafuni mbele yake, akalifungua lile fundo, akaufunga mfuko upya, fundo moja la kawaida, la hovyo.

"Kuanzia leo mtafunga hivi," alisema.

Binti yake alishangaa. "Baba, nikiwa darasa la tatu ulininyima kucheza wiki nzima kwa kufunga hivyo."

"Fungeni kama watu wengine, nimesema."

Vyombo viliacha kulia jikoni. Mkewe alitokea mlangoni, mikono inachuruzika, akamtazama mumewe pale chini, akautazama mfuko, akarudi kumtazama mumewe. Miaka thelathini ya ndoa haihitaji maelezo marefu.

"Umeukuta wetu," alisema.

Bwana Koki alilikaza lile fundo la hovyo.

"Basi kafunge koki."

"Na mtoto?"

"Mama Povu ana watoto wanne. Uliwaona ulipokuwa unazungusha spana?"

"Usinipandishie sauti mbele ya mtoto."

"Sijapandisha. Mashuka yangu yako kwenye beseni, chini ya kitanda. Kesho naanza kufua nepi, hizo takataka usilete tena humu. Na hilo fundo lirudishe lilivyokuwa. Kama ni zetu, ziende na jina letu."

Bwana Koki aliinuka, magoti yakalia. "Matambara kambani," alisema kwa sauti ya chini, "kwa mtu kama mimi. Watu watasema tumefilisika."

Mkewe alimtazama kama anayetazama maji ya bomba yaliyobadilika rangi, akarudi kwenye vyombo. Binti alimbeba mtoto, akaingia chumbani, akausukuma mlango bila kuubamiza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Breki alipopita asubuhi, Bwana Koki mwenyewe alimpa mfuko. Kwa vidole viwili.

Siku ya nne mvua ilipiga, na pampu ikaanza kukohoa kabla chai haijapoa. Bwana Koki alisimama ukingoni na reki yake. Safari hii mifuko ilikuwa imekuja kundi zima, kumi na saba au ishirini, myeusi yote, yote imefungwa fundo moja la kawaida, inasukumana kwenye wavu. Alitafuta wake. Aliutafuta kweli, akigeuza mmoja baada ya mwingine kwa ncha ya reki, na hakuweza kuutambua.

"Leo za nani?" fundi umeme aliuliza.

Juu ya mlango herufi za buluu zilikuwa zinang'aa kwa mvua, kama zimeandikwa jana.

"Za watu," alisema Bwana Koki.

Akaanza kuvuta, na hakufungua hata mmoja.