Mikono Iliyomsema Silasi

Kwa Silasi, mwanamume wa Kabasa kuonekana akifua khanga za mkewe kulikuwa kubaya kuliko kukamatwa na mbuzi wa wizi. Mbuzi husahaulika. Na imani hiyo aliishika kwa nguvu kuliko ile aliyoikiri kanisani, ingawa kanisani alikuwa mzee wa kanisa.

Mkewe, Recho, alianguka kwenye msiba kwao Butiama, mwiko wa ugali ukiwa mkononi. Kiharusi. Hospitali ya Musoma ilimlaza, kisha ikamrudisha Kabasa upande mmoja wa mwili ukiwa wake, wa pili kama mgeni asiyejua njia. Ulimi nao ukaenda na mgeni. Binti yao, Ghati, alitoka kwa mumewe kule Mugeta akamuuguza mpaka mwanawe mwenyewe akaugua, akarudi kwake analia. Tangu hapo nyumbani wakabaki Silasi, Recho na komeo la mlango.

Watu walikuja, tusiwasingizie. Akina mama wa kanisa walibisha hodi na uji wao. Silasi akawapokea barazani, mabega yameujaza mlango.

"Mgonjwa amelala, mama zangu. Mungu anatutosha."

Neno zuri, ila yeye alilifanya kufuli. Nyuma ya mlango kulikuwa na beseni, vitambaa, na mzee mwenye mvi anayepiga magoti kumwosha mwanamke. Nani ayaone hayo? Akina mama wakachoka kurudi. Naye, bila haya, akaanza kumlalamikia Mungu kwamba siku hizi watu hawana upendo, hawaji kumwona mgonjwa.

Jioni alisali, na sauti yake ikagonga bati ikamrudia yenyewe tu. Recho alimtazama. Macho yalikuwa na neno, lakini neno gani? Hapo ndipo palipomuuma zaidi: kuachwa na mtu, na mtu mwenyewe yupo hapo hapo kitandani.

Ilipofika Jumapili ya Meza ya Bwana, Ghati, mwanawe ameshapona, alikuja kumpokea zamu.

"Baba, leo nenda kanisani. Nitakaa na mama. Wewe umeshaanza kuongeaga na kuku."

"Kuku wananisikiliza."

"Nenda, baba."

Kanisani kwao, kabla ya mkate na kikombe, watu huoshana miguu: akina mama kwenye chumba cha nyuma, wanaume mbele, wawili wawili, wengine wakiimba. Tuseme ukweli, huoshana kwa adabu ya haraka. Kiganja kimoja cha maji, taulo inagusa, watu wanakumbatiana, yamekwisha. Tena kila mtu huja na miguu aliyokwisha kuisugua nyumbani, Bwana asije akakuta kazi.

Silasi akaangukia kwa Gabriel, muuza vipuri vya baiskeli, kijana asiyejua kunyamaza.

"Mzee Silasi! Mimi nilijua umeshahamia mbinguni bila kutuaga."

"Lete miguu, acha maneno."

Akapiga magoti. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe chini ya kisigino, ukaubeba mguu kama mtu abebavyo kichwa cha mtoto mchanga. Wa kulia ukayaonja maji, ukapita kidole kwa kidole, ukakanda kifundo taratibu kuiamsha damu, ukakausha hata kule katikati ya vidole ambako taulo ya kanisa haikuwahi kufika. Silasi mwenyewe hakuwa pale. Alikuwa nyumbani, chumbani. Alizinduka aliposikia mdomo wake unanong'ona:

"Pole, mama. Tunamaliza."

Gabriel hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mzee," akauliza chinichini, "unamwoshaga nani?"

Wanaume wawili wa jirani wakageuza shingo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu. Waimbaji wakakirudia kiitikio. Silasi akatazama beseni, akauacha uongo na viatu vyake.

"Mke wangu. Namwosha kila siku. Kufua nafua, kupika napika. Na Mungu nimemkasirikia, Gabriel. Nimechoka."

Mmoja akakohoa kikohozi chenye kicheko ndani. Bati la kanisa halikuanguka. Silasi akaisubiri aibu imuue. Badala yake mabega yakalegea kama ya mtu aliyetua gunia la pamba. Akagundua kwamba ile "nimechoka" ilikuwa sala yake ya kwanza ya kweli tangu Recho aanguke.

"Jumatatu nakuja," Gabriel akasema. "Kuosha siwezi, nisikudanganye. Nitakuchotea maji."

Jumatatu hakuja. Jumanne Ghati alirudi Mugeta, nyumba ikanyamaza tena, na Gabriel hakuja. Silasi akaketi karibu na Recho. Neno la zamani likampanda ulimini, Mungu anatutosha, akalionja, akaliona halina ladha. Huyo Mungu si ndiye aliyemjibu Jumapili kwa kinywa cha Gabriel? Sasa mtu atajibiwa, halafu akae kitandani kununa?

Kesho yake akamlisha Recho, akamwambia anakokwenda, akachukua dumu tupu, akaenda nalo mchana kweupe mpaka kibandani kwa Gabriel.

"Nimefuata maji yangu."

Gabriel akaishika cheni ya baiskeli kama mtu anayetafuta pa kujificha ndani yake.

"Mzee, nilitoka na dumu, haki ya Mungu. Nikafika bombani, nikakuta wanawake tupu. Wale wanachekaga mtu, we acha tu. Nikageuza."

Silasi akacheka. Kicheko kilikuwa kimekaa siku nyingi bila kazi, kikatoka na kutu.

"Aibu hiyo naijua jina lake na la baba yake," akasema, akimkabidhi dumu. "Haiui. Beba, twende."