Homa ya Jumatatu

"Ukipinduka huko, nani atakuona?"

Aliyeuliza hivyo ni jirani wa mlango wa pili, asubuhi moja, akianika mashuka uani. Hakuuliza kwa ubaya. Alimwona Chachu anatoka na kofia pana na suruali ya marehemu mumewe aliyoikunja miguuni, akajua safari ni ya ziwani, akauliza, kisha akaendelea kubana mashuka yake kambani. Lakini swali lile lilimkaa Chachu kama mwiba wa samaki kooni. Haumezeki, hautemeki.

Chachu halikuwa jina alilozaliwa nalo. Alipewa na wenzake wa duka la mikate, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumuka kabla ya watu wote. Jogoo hajawika, yeye ameshawasha tanuri na unga umemfika viwikoni. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mtu wa ibada, asiye na maneno na watu. Binti yake, aliyeolewa mbali, ndiye aliyemlipia masomo ya kupiga kasia. Alimwambia, "Mama, maisha yako ni unga na misiba tu. Hebu toka upate hewa." Chachu alikwenda ili asimvunje mtoto moyo, akajikuta amependa. Kayaki ni chombo chembamba cha plastiki. Unakaa peke yako, miguu umeinyoosha mbele, mkononi kasia moja lenye ncha bapa huku na huku, na ziwa lote linakuwa kama sebule yako.

Masomo yalipokwisha, mwalimu wake alimwambia, "Kushika kasia umejua, kugeuka umejua, kutoka ukipinduka umejua. Kilichobaki ni wenzako. Mimi si mwenzako, mama, mimi ni mwalimu. Na peke yako usiende, hata maji yawe kama kioo."

Sasa mwenzake atamtoa wapi? Siku yake ya mapumziko ni Jumatatu, na Jumatatu watu wako makazini. Alimwuliza mwenzake wa tanuri, akajibiwa kwamba maji yake ni ya kwenye ndoo, yanamtosha. Alimwuliza shemeji yake, shemeji akacheka hadi akashika mbavu. "Shemeji, mimi hata beseni naliogopa!" Basi akabandika kikaratasi mlangoni mwa duka: *Natafuta mwenzi wa ziwani kila Jumatatu. Mimi bado najifunza.* Wiki ile walikuja wanaume wawili, mmoja amejipulizia manukato, na wote wawili hawakuwa na habari na kasia. Wenzake wa duka walimcheka mwezi mzima.

Usiku akalipeleka jambo lake mahali anapopeleka mambo yote. "Ee Mola, mmoja tu. Sitaki wengi."

Siku chache baadaye akaingia mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alinunua mkate, akasoma kikaratasi, akakisoma tena.

"Hiki umeandika wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Unapiga haraka au polepole?"

"Bado sijui lolote, mama. Napiga ninavyojaliwa."

"Basi tutapatana. Mimi nimezalisha wanawake maisha yangu yote. Nimejifunza kwamba anayeharakisha ndiye anayechana."

Alikuwa mkunga mstaafu. Alikuwa na kayaki yake mwenyewe ya manjano, kuukuu, iliyolazwa katika banda la ziwani, na alikuwa amekaa miaka bila mwenzi. Tangu siku hiyo ikawa kila Jumatatu ni wao wawili. Mkunga alipiga kasia kama mtu anayekoroga chungu cha watu wengi, bila pupa, akikaa karibu na matete. Kabla ya kuingia majini alikuwa na desturi moja asiyoivunja. Alimsimamisha Chachu, akashika mabega ya jaketi lake la kuelea, akayavuta juu kwa nguvu.

"Likipanda hadi masikioni, ujue halijafungwa. Na huwezi kujivuta mwenyewe, mwanangu. Ndiyo maana ya kuwa wawili. Haya, nivute na mimi."

Chachu naye alimvuta. Kisha waliingia majini, wakapiga soga mpaka jua likawa kali.

Lakini binadamu ni binadamu. Miezi ilivyopita, mikono ya Chachu, iliyozoea kukanda unga, ikapata nguvu majini. Akawa kila mara anasimama na kungoja. Anapiga mara kumi, anageuka, Mkunga yuko kulee anaangalia ndege. Anangoja. Mbele yao kulikuwa na kisiwa kidogo chenye mawe meupe, na kila Jumatatu Chachu alikitazama. Mkunga alisema, "Tutafika tu, Mungu akipenda. Hakihami kile."

Ndipo walipotokea wasusi watatu. Walifanya kazi saluni moja, nayo hufungwa kila Jumatatu. Walikuja ziwani na kayaki nyekundu na kelele zao, wakipita kama wanaokimbizwa. Siku moja yule mkubwa wao alimkuta Chachu kwenye maji ya kina kifupi, anasuuza chombo chake.

"Dada, tunakuona. Una mkono! Jumatatu ijayo tunavuka kisiwani. Twende."

"Niko na mwenzangu."

Msusi akamtazama Mkunga, aliyekuwa akihangaika kutoka chomboni huku miwani ikining'inia. Akashusha sauti. "Yule mama tutamngoja hadi nywele ziote mvi. Njoo wewe peke yako. Mara moja tu, hataona kitu."

Chachu hakusema ndiyo. Lakini pia hakusema hapana, na hilo ndilo lililokuja kumla baadaye.

Jumapili, ametoka ibadani, hajavua hata nguo zake za ibada, akapiga simu.

"Mama, kesho sitaweza. Nina homa."

"Pole, mwanangu! Umeanza lini? Unatetemeka?"

"Kidogo tu."

"Kunywa maji. Lala. Usinijibu hata, pumzisha kichwa."

Alipoikata simu, aliilaza kifudifudi mezani. Akajiambia si neno. Hakumwibia mtu, hakumtukana mtu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, naye aliijua methali hiyo vizuri, kwa kuwa mama yake aliitumia kama fimbo. Usiku ule akaizima kichwani kama anayezima redio.

Jumatatu ilikuwa tamu, tusidanganyane. Wasusi walipiga kasia wakiimba na kutaniana kuhusu wateja wao, na Chachu hakubaki nyuma. Walifika kisiwani. Alikaa juu ya jiwe jeupe, maji yanamtiririka viwikoni, akacheka kama binti. Hakuna aliyemvuta jaketi asubuhi ile. Wasusi hawakuwa na desturi hiyo, naye akaona haya kuwaomba.

Wakati wa kurudi upepo uliamka. Si mwingi, wa kutia makunyanzi majini tu. Walipokaribia matete, msusi mkubwa aliacha kupiga.

"Kile ni nini? Pipa?"

Lilikuwa tumbo la kayaki, la manjano.

Chachu hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Alikumbuka kofia inaelea. Alikumbuka Mkunga ameng'ang'ania kamba ya chombo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anapambana na jaketi lake lililompanda hadi machoni, likimfunika pua na mdomo, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kulivuta alipolivaa. Wasusi walikuwa hodari, haki yao wapewe. Wawili walimshika makwapani, mmoja akakisukuma chombo, wakamvuta hadi kwenye tope la ukingoni. Alikohoa maji, akakohoa, akatapika. Miwani ilikuwa imekwenda chini.

Chachu alipiga magoti kando yake. Mkunga akapapasa hewani, bila miwani, hadi akaupata uso wa Chachu. Akaugeuza mkono, akaweka nyuma ya kiganja chake, cha baridi na kilichokunjamana kwa maji, juu ya paji la uso wa mwenzake.

"Homa imeshuka?"

Wasusi wakatazamana. "Homa gani?" mmoja akauliza.

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi hapo hapo. Chachu aliuona. Akasema, "Imeshuka, mama."

"Alhamdu! Mtu unatoka na homa unakwenda majini, mwanangu? Ungezirai huko kati, nani angekuona?"

Mambo mengine aliyapata kwa jirani, jioni. Jirani alimgongea, mkononi ana chupa ya kutunzia joto.

"Kuna mama alikuletea supu. Alikuja mbio, anahema. Nikamwambia umekwenda ziwani. Akashika kichwa. 'Na homa yote ile?' Hata kuketi hakuketi." Jirani akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kwenye suruali iliyoloa. "Homa gani, jirani?"

Chachu aliipokea chupa. Ilikuwa bado na joto. Alitaka kuimwaga, akashindwa. Alitaka kuinywa, akashindwa zaidi. Ikalala mezani hadi supu ikaganda mafuta juu.

Wiki ile maji yalizidi unga, na si kwenye beseni la kukandia. Mikate ilimtoka imelala upande mmoja. Mwenzake wa tanuri akatania, "Chachu leo haikuumuka!" Hakucheka. Alipoinamisha kichwa kusali, hakuona maneno. Alihisi ule mkono wa baridi umemgusa pajini, unapima. Alikuwa ameomba mmoja tu. Alipewa mmoja, akamwona mdogo.

Ilimuuma zaidi kusikia jinsi habari ilivyosafiri. Mkunga, sauti imemkauka kwa kukohoa, alikuwa akiwasimulia watu kwa fahari. Wateja walikuja nayo dukani. "Kumbe ni wewe? Yule mama anasema una ukaidi wa punda lakini wewe ni mwenzake, angekuachaje!" Wakamsifu kwa kumwokoa. Mmoja alimshika mkono wenye unga na kuutikisa. Msusi mkubwa naye alipita. "Dada, Jumatatu tunakwenda mbali zaidi." Chachu akasema hapana, safari hii kwa sauti. Msusi akashangaa, akanunua mkate wake akaenda.

Alijaribu kuandaa maneno. Atasema alighafilika. Atasema wasusi walimsukuma. Kila neno alilolichukua lilikuwa na mtu mwingine ndani yake wa kubebeshwa, akaliweka chini.

Jumapili mchana, duka linakaribia kufungwa, Mkunga aliingia. Alikuwa na miwani mipya, mikubwa mno kwa uso wake, na sauti kama ya mlango wenye kutu. Mkononi alikuwa na jaketi lake la kuelea, kwenye mfuko.

"Nimebadilisha mikanda. Tazama, vifungo vya chuma. Sasa kesho vipi? Wewe unanivuta, mimi nakuvuta, tunakaa kwenye matete yetu. Kile kisiwa tutakifikia tu."

Wenzake Chachu walikuwa nyuma wanaosha masinia. Chachu aliweka mkate wa Mkunga juu ya kaunta, kisha akaitoa chini ya kaunta ile chupa, imeoshwa, inang'aa. Aliishika kwa mikono miwili kama mtoto anayepeleka kitu asichotaka kukidondosha.

"Mama, nilikifikia."

"Ulifikia nini?"

"Kisiwa. Jumatatu ile. Na wale wasusi."

Mkunga akatabasamu, hajaelewa. "Na homa?"

"Sikuwa na homa, mama."

Masinia yalilia nyuma, kisha yakanyamaza. Mkunga alivua miwani, akaifuta kwa khanga yake, akaivaa tena.

"Ulipiga simu wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Walisema nitawachelewesha?"

"Walisema. Nami sikuwakataza." Chachu aliiweka chupa kando ya mkate. "Na pale ukingoni uliponiuliza, nilikudanganya tena. Nisamehe, mama. Wewe ulikuwa unanifuata mimi."

Mkunga hakulia wala hakugomba. Alinyoosha mkono juu ya kaunta, akaweka nyuma ya kiganja chake kwenye paji la uso wa Chachu, kama siku ile. Safari hii kilikuwa kikavu na cha moto. Alikiacha hapo muda mrefu, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayesikiliza mapigo ya kitoto tumboni.

Kisha akautoa. Nyuma ya kiganja kulikuwa na unga. Aliutazama, akaupangusa taratibu kwenye mfuko uliobeba jaketi. Akachukua chupa yake, akaibana kwapani. Mkate aliuacha pale pale juu ya kaunta, bado unatoa mvuke.

Akageuka, akafungua mlango wenye kile kikaratasi cha zamani, akatoka.