Tepu ya Kisu cha Shangazi

Kisu cha Shangazi Lorna kilifungwa tepu nyeusi mwili mzima, ikabaki ncha tu, fupi kama nusu punje ya mpunga. Huo ndio unene wa gome la nje la mbetula, mti wa huku kwetu kwenye baridi. Ukikata hapo, ganda jeupe linabanduka lenyewe, mti unabaki na shati lake la ndani na unaishi. Ukizidisha, umeuchuna ngozi.

Mimi nilikiita kisu chenye nepi. Kila mtu alicheka isipokuwa binamu yangu Corrine.

Mwaka ule vimulimuli walipotokea na magome kulegea, Shangazi alisema Corrine atakata mti wa kwanza peke yake. Akikata safi, kisu ni chake, na yeye ndiye atakayetushonea nyungo za gome za kupepetea mpunga unaojiotea ziwani, maana vidole vya Shangazi vilishakataa kukunjika. Corrine aliisubiri siku hiyo tangu ana miaka tisa.

Wakati wao wanaweka tumbaku chini ya mti kuuomba ruhusa, mimi nilibaki kwenye pikapu na kisu. Nikaisogeza tepu nyuma. Kidogo tu. Nilitaka maji ya mti yamrukie usoni, apige kelele, tucheke.

"Usitetemeke, bibi harusi," nikamwambia nikimkabidhi.

"Nenda kakae na mbu wenzako."

Akachora mstari mmoja, kutoka usawa wa kichwa hadi kiunoni, umenyooka ajabu. Akaingiza vidole, akavuta. Gome likatoka zima, kuuzunguka mti wote, lakini zito. Lilikuwa limebeba na ngozi ya ndani. Mti ukabaki mbao tupu, unachuruzika.

Shangazi akaushika ule umajimaji kwa kiganja.

"Umeuua," akasema.

"Shangazi, nimekata kama ulivyonifundisha!"

"Mti unasema vingine."

Kwetu anayeua mti hagusi gome majira manne ya kubandua. Corrine alilijua hilo kabla ya kuambiwa. Akakigeuza kisu juani, na hapo akaona: kwenye chuma, mbele ya ukingo wa tepu, mstari wa gundi ya zamani. Akanitazama. Alikuwa ananisubiri mimi, na alinisubiri muda mrefu, naapa, mbu watatu walininywa wakashiba.

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni hiki: "Basi angalau kuni tumepata."

Hakuna aliyecheka. Corrine akafuta ncha ya kisu kwa kidole gumba, taratibu, mpaka ile gundi ikaisha, akampa Shangazi.

Mwezi Agosti Corrine akaenda kugawa karata kwenye ukumbi wa kamari, mwendo wa saa tatu kutoka kwetu. Majira manne yalipita, hakurudi. Shangazi alinipa mimi kisu. "Wewe ndiye uliyebaki," alisema, kama mtu anayekula ugali wa jana.

Nyungo zangu zinavuja. Mpunga unaponyoka kwenye mishono, na wanawake ufukweni hunitania: "Fundi, unawalisha samaki?" Nacheka nao. Ndiyo kazi niliyosomea.

Juzi nilimpigia Corrine. Nikamwambia nimekumbuka kituko fulani cha zamani.

"Sema," akasema.

Nyuma yake nilisikia watu wakishangilia mtu aliyeshinda. Akasubiri tena, vilevile.

"Nimesahau kinavyoisha," nikasema.

"Mimi sijasahau," akasema, akakata simu.