Msumari wa Evarista

Kwenye chumba cha mtambo wa simu mjini Mbeya, upande wa kulia wa kiti cha Evarista, kulikuwa na msumari wa inchi nne uliogongelewa ukutani, na kwenye msumari huo Evarista alitundika ujinga wa watu.

Ndivyo alivyouita mwenyewe, ujinga, wala hakupunguza sauti. Mtu akimletea karatasi yenye sahihisho la kipuuzi, aliisoma mara moja, akaguna, akaichoma katikati kwa ule msumari, kisha akaendelea na kazi. Mwaka 1975 ulipoanza, msumari ulikuwa na karatasi kumi na tisa.

Tusimwonee, lakini. Alikuwa na cha kujivunia. Miaka sita nyuma, maopereta wote wa nyanda za juu walikuwa wakipapasa tu. Waya wa Iringa ukikatika, Mbeya nzima inakaa bubu siku mbili, na kumbe kuna njia ya kuzunguka. Evarista ndiye aliyekaa chini na kadi za manila na wino mweusi, akaandika kila mahali penye simu kuanzia Tunduma hadi Ipogolo: pigia kwa nani, na njia ikifa pitia wapi. Zikafika kadi mia mbili na kumi na mbili, zikajaa sanduku la mbao. Na hakuwa mchoyo. Iringa waliomba kunakili, akawapa. Njombe, Makambako, Rujewa, Tukuyu, wote walinakili. Kila Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wenye maduka hawajaanza kusumbua, aliunganisha vituo vyote kwenye waya mmoja, akasoma masahihisho ya wiki: kadi namba fulani, futeni hiki, andikeni kile, aliyegundua ni fulani. Penseli zilikwaruza mikoa miwili. Yeyote aliruhusiwa kuleta sahihisho. Kuliingiza kwenye kadi ni mpaka yeye aridhike.

“Kadi ni za wote,” alipenda kusema. “Kalamu ni yangu.”

Hakuna aliyemtuma kazi hiyo, na kwa miaka sita hakuna aliyemwambia ahsante. Kulalamika walijua. “Dada Evarista, kadi ya thelathini ina kosa!” “Dada Evarista, Tukuyu wameacha simu ikilia!” Wanakula kwako, kisha wanakuambia chumvi imezidi. Kidogo kidogo roho yake ilichachuka, akaanza kuwaona wote ni hamnazo. Akaweka masharti. Sahihisho liandikwe kwa wino, kwenye karatasi nzima, namba ya kadi juu, maneno ya zamani, maneno mapya, jina, tarehe, na opereta mwingine asaini kuwa ni kweli. Likipungua kitu kimoja, msumarini. Na Jumatatu akimaliza masahihisho ya maana, alichagua karatasi moja msumarini, akavisomea vituo vyote kwa sauti ya mwandishi wake. Hapo mikoa miwili ilicheka mpaka machozi.

Aliyechekwa kuliko wote ni Budeba.

Budeba alikuwa fundi wa nguzo huko Rujewa. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Usukumani, wakashukia Usangu. Yeye akaacha fimbo akashika koleo. Alikuwa mrefu, mpole, na mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita. Mwezi wa kumi na moja alifika Mbeya kuchukua nyaya, akasimama mlangoni kwa Evarista na kofia mkononi.

“Dada, kadi ya arobaini na moja haiko sawa.”

“Haiko sawa nani kasema?”

“Ile ya shule ya Mkombozi, kile kijiji kipya upande wa Madibira. Kadi inasema tupitie Rujewa. Sasa dada, masika ile laini inafaga. Maji yanamezaga nguzo zote pale bondeni. Lakini watu wa kiwanda cha mbao cha Mafinga wameshusha waya wao mpaka Mkombozi. Ukipitia Mafinga unapata.”

“Kadi hiyo niliiandika mimi,” Evarista alisema bila kugeuka. “Umesaini wapi? Shahidi wako nani?”

Budeba alitoa mfukoni kipande cha pakiti ya sigara kilichoandikwa kwa penseli. Evarista alikishika kwa ncha za vidole viwili. Alimtazama huyo mtu kuanzia viatu, ambavyo vilikuwa na matope ya Usangu, hadi kofia.

“Bwana wee, simu si ng'ombe. Ng'ombe ukimpotosha njia anarudi mwenyewe zizini. Nenda kaandike vizuri.”

Paa! Msumarini.

Budeba alileta tena mwezi wa kumi na mbili, safari hii kwenye karatasi ya daftari, bila shahidi. Ikaenda msumarini. Akaleta ya tatu mwezi wa kwanza, ina shahidi lakini haina tarehe. Jumatatu iliyofuata Evarista aliisoma kwa vituo vyote, akiigiza: “Ile laini inafaga! Maji yanamezaga!” Marcelino wa Iringa alicheka hadi akapaliwa. Lutengano, opereta wa Rujewa, aliyekuwa ndiye shahidi mwenyewe, naye alicheka, maana mwoga huyo hakutaka kuonekana yuko upande wa mtu anayechekwa.

Sasa tuje kwenye ile Jumatano ya mwezi wa pili.

Saa nne asubuhi, Philbert, mtunza ghala la nafaka, aliingia chumba cha simu bila kubisha hodi. Philbert alikuwa mtu wa kutembea taratibu akitanguliza tumbo. Siku hiyo alikuwa anahema, na jasho limelowesha kola.

“Dada, nipatie shule ya Mkombozi. Sasa hivi.”

“Foleni iko nje, Bwana Philbert.”

“Dada, watoto watakufa!”

Ikamtoka kwa vipande. Ghalani kulikuwa na marundo mawili: mahindi ya njano ya msaada kwa shule zilizokumbwa na njaa, na mahindi ya mbegu yaliyokwisha pakwa dawa ya wadudu, mekundu kama damu ya mzee. Magunia yalifanana. Jana jioni lori lilipokuja, Philbert alikuwa anawasimulia wapagazi habari za mpira, akanyoosha kidole bila kutazama. Bwana shamba alikuja asubuhi kuchukua mbegu, akakuta rundo lililobaki ni la njano. Lori lilipitia Mafinga usiku. Lilishafika Mkombozi alfajiri.

“Wataona ni mekundu,” Evarista alisema.

“Dada, mwaka jana si tuliwaambia wale ya njano, wakala? Leo mekundu nani ataulizia? Watasema ndiyo msaada wenyewe.”

Alikuwa mjinga, lakini hapo alisema kweli. Na shule ya Mkombozi ilipika makande. Sufuria hupanda jikoni saa tatu, watoto mia mbili hukaa na sahani saa sita. Evarista alilijua hilo kuliko Philbert, kwa sababu mdogo wake Juliana alikuwa mwalimu pale, na alikula sufuria hiyohiyo.

Alichomeka waya wa Rujewa. Lutengano akaitika.

“Mkombozi, haraka!”

“Imekufa, dada. Wiki ya pili hii. Maji.”

“Na hukuniambia?”

“Uliambiwa, dada. Mara tatu. Ukatusomea, tukacheka.”

Evarista aliutoa waya kwa nguvu, akachomeka wa Iringa. Kule watu ni wazoefu, hawawezi kukosa njia.

“Kamwene, dada,” alisema Marcelino.

“Salamu baadaye! Nipe njia yoyote ya kufika Mkombozi.”

Alisikia kadi zikipekuliwa. Kisha Marcelino akasoma, taratibu, kwa heshima zote: “Kadi arobaini na moja. Shule ya Mkombozi. Pigia Rujewa. Rujewa ikishindwa, subiri ipone.”

Maneno yake mwenyewe. Alipiga Makambako, wakamsomea yaleyale. Akapiga Njombe, yaleyale, hata nukta hawakukosea. Miaka sita aliwafundisha wasifuate kitu kisichokuwa kwenye kadi, na walikuwa wamefundishika vizuri sana.

Saa ya ukutani ilisema nne na nusu. Philbert alikuwa ameketi sakafuni, kashika kichwa.

Evarista aliinuka, akaenda kwenye msumari. Alizivuta karatasi zote kwa mpigo, zikachanika, akapiga magoti kuzitandaza. Ya daftari na ile isiyo na tarehe zilikuwa zimechanika vipande vipande. Kile kipande cha pakiti ya sigara kilikuwa kigumu, kimesalimika. Kilisema: *Mkombozi. Piga Mafinga, omba kiwanda cha mbao, sema wakuunganishe waya wa msitu. Koroga mara* — na hapo ndipo msumari ulipopita. Palikuwa na tundu.

Waya wa msitu ulikuwa na simu sita zinazolia pamoja, na kila nyumba ina mlio wake. Mlio usio wako huinui mkono wa simu. Ni adabu ya wenye waya mmoja. Alipata Mafinga, akapata kiwanda, akakoroga kengele mara mbili, akaitika mlinzi wa msitu, ambaye naye, kama watu wa kiwanda, hakuujua mlio wa shule. Akakoroga mara nne, hakuna mtu. Saa tano kasorobo.

Alirudi Rujewa. “Lutengano. Nipe Budeba.”

“Yuko juu ya nguzo, dada.”

“Mshushe!”

Dakika zile zilikuwa ndefu, na saa ya ukutani ikasogea kwenye tano na nusu. Evarista alizitumia kujiandaa kwa vidonge ambavyo Budeba angempa, maana ingekuwa yeye, angempa Budeba vyote na maji ya kumezea. Hatimaye alisikia pumzi.

“Dada, shikamoo.”

“Budeba, mlio wa Mkombozi ni upi?”

“Mirefu mitatu, mfupi mmoja,” Budeba alijibu palepale. Kisha, bila kuinua sauti, akaongeza: “Niliandika, lakini.”

“Uliandika,” alisema Evarista, akakata.

Mirefu mitatu, mfupi mmoja. Simu ililia, ikalia, kisha mwanamke akainua.

“Juliana! Hayo mahindi mekundu yana sumu! Mwageni!”

Alisikia mkono wa simu ukigonga ukuta, na viatu vikikimbia, na sauti ya mdogo wake ikipiga kelele nje. Kisha hakusikia kitu. Philbert alikuwa amesimama nyuma yake, anamhemea shingoni, na Evarista hakuwa hata na nguvu ya kumfukuza. Juliana alirudi baada ya muda mrefu, akilia.

“Watoto bado, dada. Walikuwa wanapanga mstari. Lakini mama Roza ameonja. Mpishi wetu. Alikuwa anaonja chumvi tangu saa nne, kijiko kwa kijiko.”

Mama Roza hakufa. Alitapika siku tatu, akalala zahanati siku kumi, na alipotoka mikono yake ilitetemeka, hakuweza tena kushika mwiko. Philbert alihamishiwa ghala jingine, kubwa zaidi, maana watu wa aina yake hawaanguki, wanasogezwa. Na Evarista hakuna aliyemuuliza kitu. Mkuu wake alimpongeza kwa kuipata simu upesi.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, aliviunganisha vituo vyote kama kawaida. Alisoma masahihisho ya wiki. Kadi arobaini na moja: futeni Rujewa, andikeni Mafinga, waya wa msitu, mirefu mitatu na mfupi mmoja, aliyegundua ni Budeba wa Rujewa, mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Penseli zikakwaruza. Kisha akasoma zile karatasi nyingine za msumarini, alizokesha nazo usiku kucha Jumapili akiziunga kwa gundi na kuviuliza vituo kimoja baada ya kingine. Kumi na moja zilikuwa kweli tupu. Mwenye sahihisho, alisema, kuanzia leo aandike hata kwenye jani la mgomba.

Akafika kwenye kile kipindi cha kucheka. Vituo vyote vilijua, vikasubiri.

Evarista alichukua kadi ya zamani ya arobaini na moja, yenye mwandiko wake mzuri na sahihi yake pembeni, akaisoma yote kwa sauti yake mwenyewe: “Pigia Rujewa. Rujewa ikishindwa, subiri ipone.”

“Haya, chekeni,” alisema. “Wengine mliwacheka.”

Iringa hawakucheka. Wala Njombe, wala Tukuyu. Alisikia mtu akikohoa, pengine Marcelino. Kisha kutoka Rujewa, mbali na simu, kama mtu aliyesimama mlangoni na kofia mkononi, Budeba akasema: “Dada, tusameheane. Ipo nyingine. Kadi ya sitini na mbili nayo haiko sawa.”

Evarista aliichoma kadi yake msumarini, akachukua kalamu.

“Sema,” alisema. “Naandika.”