Kopo la Bluu la Mama Keki

Mama Keki hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na hata umbea haukumkaa vizuri, maana alikuwa akisinzia kabla habari haijanoga. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: vichwa vya keki.

Keki ikitoka kwenye oveni huwa imevimba katikati. Huwezi kupandisha keki nyingine juu yake ikiwa hivyo. Lazima ukate ule uvimbe kwa kisu kirefu chenye meno, keki ikae sawa kama meza. Hicho kinachokatwa ndicho kichwa: bado kina joto, kikavu kidogo pembeni, laini katikati, kinanukia siagi na vanila. Tangu ujana wake, kisu kilikuwa hakijarudi mezani, kichwa kimeshafika mdomoni.

Kisha ukaja ugonjwa wa kisukari. Nesi wa kliniki, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, hakumtisha, lakini hakumbembeleza pia.

"Mama, na kisukari unaishi vizuri tu, mpaka uchoke mwenyewe. Unakula kwa wakati, unatembea, unameza dawa. Lakini wewe kila ukija sukari imepanda. Safari ijayo nikiikuta bado iko juu, tutazungumza kuhusu hilo bakuli lako la keki. Kazi zipo nyingi."

Bakuli! Mama Keki alirudi nyumbani miguu mizito. Kazi zipo nyingi, sawa, lakini yeye alikuwa na moja tu, na ndiyo iliyompa hata jina.

Mumewe alikuwa fundi viatu, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Kila jioni alimkalisha mkewe kwenye kigoda cha wateja na kumkagua nyayo, polepole, kidole kwa kidole, jinsi anavyokagua soli. "Hapa panauma? Na hapa?" Alikuwa amemshonea viatu vipana vya ngozi laini visivyobana popote. Siku hiyo Mama Keki alimwapia mguu ukiwa mkononi mwake:

"Sili tena kichwa cha keki. Na sukari yote ikae kwako."

Basi sukari ikahamia kwenye sanduku chini ya benchi la fundi, karibu na gundi na misumari. Ikija oda, fundi alipima ya kutosha na kuipeleka jikoni. Yeye mwenyewe akaacha sukari kwenye chai, bila kuombwa, akawa anainywa uso umekunjamana kama anakunywa dawa ya minyoo.

Likabaki kopo la bluu. Kopo hilo lilikaa kwenye rafu ya jikoni miaka na miaka, limejaa sukari, na Mama Keki alikuwa na tabia ya kuchovya kidole kila anapopita. Akalimwaga, akalijaza chumvi laini.

"Kidole kikinitoroka, kitatiwa adabu," alisema.

Na kweli kilitoroka. Siku za mwanzo fundi alikuwa akisikia "Tfu!" kutoka jikoni, anacheka peke yake huku nyundo iko hewani. Baadaye kidole kikashika adabu. Mama Keki akajifunza kuwa hamu ya utamu ikija, ukinywa maji, ukatafuna karanga chache, ukatoka kuanika nguo, inaondoka yenyewe kama mgeni aliyekosa kiti. Akajifunza pia kwamba hamu hiyo humzidi siku aliyoruka chai ya asubuhi.

Sasa nani akaja kuagiza keki ya harusi ya binti yake? Nesi mwenyewe.

"Matabaka matatu, mama. Halafu uje kupima wiki ijayo. Na nakuonya, usinilie keki yangu!"

Asubuhi ya kuoka alikuja wifi yake, dada wa fundi, kumsaidia. Wifi huyu alikuwa na mafua makali, pua nyekundu, ila mdomo haukuugua.

"Wifi, umekonda! Au kaka yangu anakulisha soli?"

"Ananilisha mapenzi. Wewe lete sukari, maneno baadaye."

Mama Keki alikuwa ameinamia mayai, anayapiga. Nyuma yake wifi akaangaza macho huku na huku, akaona kopo la bluu palepale lilipokaa siku zote, akapima, akamimina. Pakiti ya sukari aliyoileta fundi alfajiri ilikuwa mezani, imefunikwa na jozi ya viatu vya mteja alivyovisahau hapo. Wala hakuiona.

Keki ziliiva. Mama Keki alishangaa kidogo kuona zimepauka, akailaumu oveni. Wifi akatoka uani kupenga kamasi. Jikoni akabaki yeye, keki na kisu.

Akakata. Kichwa kikalala kwenye sinia, kinafuka mvuke. Na yeye kwa haraka ya kazi alikuwa hajatia kitu tumboni tangu aamke. Akatafuta karanga, zimeisha. Akanywa maji. Akatazama dirishani. Mate yakamjaa mdomo mzima.

Akamega kipande, akakitupia mdomoni.

Lo! Macho yakamtoka. Alitema kwenye kiganja, akabaki amesimama, ulimi nje. Chumvi tupu! Keki ya nesi, matabaka yote matatu, chumvi!

Hapo ndipo alipobanwa. Akisema, atakuwa amejitaja kuwa amekula. Akinyamaza, harusi ya watu inaharibika. Wifi akaingia.

"Wifi, hebu onja hiki," alisema kwa sauti ya upole isiyo yake.

"Nionje kwa pua ipi? Leo hata ukinipa sabuni nitasema tamu."

Mama Keki akaenda karakana, wifi nyuma yake. "Fundi, onja."

"Mimi? Si tuliacha wote?"

Mama Keki alisimama hapo na sinia lake, akawatazama ndugu hao wawili. Mwisho akapiga moyo konde.

"Basi mimi nimeonja. Nimeiba. Kiapo nimekivunja, na keki ni ya chumvi."

Fundi akaweka nyundo chini. Akaenda jikoni, wao wakimfuata, akainua vile viatu vya mteja, akaiona pakiti ya sukari imelala kama ilivyofungwa. Wifi akatazama kopo la bluu, akamtazama Mama Keki, akashika kiuno.

"Yaani umejitegea mtego mwenyewe, nimenaswa mimi, umenaswa na wewe!"

Wakacheka mpaka fundi akaketi sakafuni. Mama Keki alicheka huku anafuta machozi, nusu ya kicheko, nusu ya aibu.

Zile keki zikatupwa. Kabla ya kuanza upya, fundi alimkaangia mkewe mayai na mboga, akasimama mlangoni kama askari mpaka sahani ikaisha. Safari hii sukari aliimimina fundi mwenyewe.

Keki zikatoka kahawia, zikavimba vizuri. Likaja swali: nani ataonja? Mwenye ulimi wa kazi alikuwa mmoja. Fundi akakata kipande kidogo kama kifungo cha shati. Mama Keki akala mbele yao, polepole, amefumba macho.

"Sukari," akasema. "Na sitaki kingine." Akashangaa kuona ni kweli. Vichwa vyote vikagawiwa wateja waliokuwa wakisubiri viatu.

Wiki iliyofuata, kliniki, nesi alimtoboa kidole, akavaa miwani, akatazama kipimo, akatazama tena.

"Imeshuka, mama. Bakuli endelea nalo. Umefanyaje?"

Mama Keki hakuficha kitu. Alipofika kwenye chumvi, nesi alilaza kichwa juu ya meza, mabega yanatikisika.

"Hivyo hivyo," alisema alipopata pumzi. "Kipande cha kifungo, umeshiba, mbele ya watu. Kichwa kizima ni marufuku."

Aliporudi nyumbani, alikuta wifi amechukua rangi ya viatu ya kaka yake na kuandika CHUMVI kwenye kopo la bluu, herufi kubwa za kuonekana toka barabarani.

"Wizi wako umeokoa harusi ya watu," wifi akasema, akimmiminia chai isiyo na sukari. "Ila usiuzoee."