Mashine ya Kipusa

Mama alikuwa akilipangusa boksi. Mashine ilikuwa bado ndani, na boksi lenyewe lilikuwa la karatasi ngumu ambalo kabla ya mchana lingechanwa na kutupwa, lakini Mama alilizunguka taratibu kwa kitambaa kibichi, akishika ukingo wa meza kila magoti yalipomgomea. Dada alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono imejaa povu, akimtazama. Katika miaka yote aliyopika, kufua na kupiga deki ndani ya nyumba hii, hakukumbuka siku ambayo mama yake alimpangusa yeye jasho.

"Kipusa ana roho," Mama alisema. "Yuko mbali kote huko, lakini jikoni pangu anapajua."

"Anapajua kwenye picha," Dada akajibu, akarudi zake kwenye sinki.

Majina tu yalitosha kueleza mambo. Mdogo wake alizaliwa akaitwa Kipusa, kitu cha thamani, na Kipusa akabaki hata baada ya kuolewa na kuhamia ng'ambo. Yeye, mzaliwa wa kwanza, aliitwa Dada. Dada wa nani? Wa Kipusa, bila shaka. Hata mama aliyemzaa alimwita hivyo, kana kwamba kabla ya yule mwingine kuja duniani alikuwa hajawa mtu. Aliona wivu, na alijua ni wivu. Hakujisumbua kuutafutia jina la kistaarabu. Ulimpanda kifuani kila simu ilipolia na sauti ya Mama ikageuka ghafla kuwa ya msichana.

Sasa imekuja mashine ya kuoshea vyombo. Kwa mwingine ingekuwa zawadi tu, ila yeye aliiona kama amefukuzwa kazi mbele ya watu. Sinki lilikuwa lake. Wageni walipoingia wakasema, "Mama, sufuria zako zinang'aa," Mama alicheka, na Dada alijua kuwa kicheko kile kilikuwa na sehemu yake. Kama kazi hiyo nayo ingefanywa na kitu cha Kipusa, basi Kipusa angekuwa ng'ambo na hapa hapa kwa wakati mmoja, na yeye angebaki wa nini?

Fundi bomba alifika na mkoba wake, mtu mnene, mwingi wa maneno. Aliingia chini ya sinki, akakaa huko kitambo, akatoka na kutu puani.

"Mama, haya mabomba ni ya enzi gani? Yamelika mpaka yanatia huruma."

"Sisi wenyewe tuliyakuta."

"Basi nisikilizeni. Bomba unalifunga kwa mkono, polepole. Mashine hii haina adabu hiyo. Ikishiba maji inakata ghafla, na bomba zima ndani ya ukuta linapiga teke. Penye uzima panavumilia. Mimi naogopa palipoungwaungwa. Kuna kiungo chochote kimefichwa humu ukutani?"

"Muulize Dada," Mama alisema, mkono bado uko juu ya boksi. "Hakuna asichokijua nyumba hii."

Dada alijua. Alipajua mahali penyewe, usawa wa bega la mtu mzima, kwa sababu yeye ndiye aliyemshikia baba yake tochi. Baba alikata ukanda wa mpira wa baiskeli, akauzungusha kwenye ufa, akaukaza kwa waya na kupiga lipu juu yake, akisema kwamba hiyo ni ya kushikiza tu, atarudi kuifanya vizuri. Kabla hajarudi, akafa. Bomba likavumilia, kwa kuwa Dada alilifungua na kulifunga kila siku kwa mkono mwepesi.

"Sijui, fundi," alisema. "Mambo ya mabomba yalikuwa ya marehemu baba."

Alijitia hamnazo, akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Hakuna alichoharibu, alijiambia. Lipu italowa, maji yatachuruzika, mashine itarudishwa dukani, na Kipusa ataambiwa pole. Neno hilo, pole, alilionja ulimini. Kwa mara ya kwanza tangu boksi liletwe, alijisikia mwepesi.

Jambo moja hakulipigia hesabu. Mashine ilipokwisha kuunganishwa, Mama aliondoka kwenye kiti chake cha dirishani. Alikiburuta kile kiti mwenyewe mpaka ukutani, akaketi karibu na mashine, akampigia Kipusa simu ya video na kuiinua simu juu ili mwanawe ajionee.

"Washa, fundi," Mama alisema. "Anatazama."

Mashine ikavuta maji, ikanguruma. Kipusa akapiga vigelegele ndani ya simu. Kisha maji yakakatika, na ndani ya ukuta kukasikika kishindo. Fundi akanyamaza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi. Mashine ikavuta tena, ikakata tena, na kishindo cha pili kikawa kizito zaidi.

Dada aliangalia ukuta kabla ya mwingine yeyote. Lipu iliyokuwa juu ya kichwa cha Mama ilibadilika rangi, ikaanza kuvimba.

"Mama, toka hapo."

"Ngoja, mwenzako anaona..."

Hakungoja. Alimrukia, akamshika makwapani na kumvuta, wakaanguka wote wawili sakafuni. Bonge la lipu likakiangukia kiti na kukivunja mguu. Maji yakaruka mpaka ng'ambo ya pili ya jikoni.

"Koki kuu iko nyuma ya pipa, nje," Dada alimwambia fundi. "Kaza kulia."

Maji yalipokatika, sauti ya Kipusa ilikuwa bado inaita kwenye simu iliyoanguka sakafuni: mama, mama. Dada akaiokota. "Mama mzima," alisema. "Tutakupigia." Akaikata.

Fundi alichakura kwenye kifusi, akaibuka na ukanda wa mpira uliooza. "Wa baiskeli. Aliyeunga hapa alikuwa na haraka."

"Mume wangu," Mama alisema, akijikung'uta lipu kwenye kanga. "Nilijua kuna mahali alipaziba, ila sikuwapo siku hiyo. Alikuwapo Dada."

Fundi alimtazama mama, akamtazama binti, akakumbuka kwamba ana mabomba ya plastiki ya kwenda kununua. Alisema atarudi kesho. Alipofika mlangoni alikuwa tayari anakimbia.

Walikula chakula kilichopoa. Walipomaliza, Dada alikusanya sahani kwa mazoea, akazipeleka kwenye sinki, akafungua bomba. Likakohoa upepo. Akabaki amesimama pale pale, amempa Mama mgongo, akingojea.

"Ulimwambia fundi hujui."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema amesahau. "Nilitaka kitu cha Kipusa kishindwe," alisema. "Kimoja tu. Akituma kitu, unapangusa hata boksi lake. Mimi niko hapa kila siku, huniuliza hata nimelalaje."



"Kipusa alitaka kuninunulia televisheni. Mashine niliiomba mimi," Mama alisema. "Tukila tu, unaondoka na sahani. Nazungumza na mgongo wako, mgongo unaniitikia ndiyo mama, na maji yananimezea nusu ya maneno. Yule hajawahi kunifulia hata leso, lakini ananitazama usoni. Nikasema nikipata mashine, labda na huyu naye nitamwona."

Dada akageuka. Hapakuwa na chombo cha kushika wala maji ya kufungua. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya mama yake, magoti yakigusana, na kwa kuwa hakujua mikono yake aiweke wapi aliiacha mapajani. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa juu ya sikio, pale nywele zinapoanzia.

"Mvi hizi," aliuliza, "zimeanza lini?"

Dada akajaribu kukumbuka.

"Zamani, mama."

Mama hakuuondoa mkono.